Chupa Hailei Mtoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi binti yangu hufungua chumba cha watoto wachanga. Mimi huwa nimeshafika. Mimi ni dobi wa kituo cha kulea watoto. Nafua nepi, mashuka na taulo. Nikimaliza kufua, napiga deki.

Kituo ni mali ya ofisi ya mji. Ofisi yenyewe iko ghorofani. Ina feni, ina viti vya kuzunguka, na haina mtoto hata mmoja.

Chumba chetu kina vitanda tisa vidogo, meza ya kubadilishia nepi na dirisha moja gumu kufunguka. Watoto tisa, mlezi mmoja. Mlezi huyo ni binti yangu. Kabla yake alikuwa mama yake, yaani mke wangu. Miaka kumi na moja aliomba apewe msaidizi. Wakubwa walimjibu, "Ombi lako linashughulikiwa." Nimeshamzika, na ombi bado linashughulikiwa.

Sisemi kazi haina raha. Mtoto aliyekuwa akilia kila asubuhi mama yake akiondoka, siku moja anakunyooshea wewe mikono. Siku hiyo hata mgongo hausikii maumivu.

Kulikuwa na mmoja wa miezi mitano, tulimwita Meneja.

"Kwa nini Meneja?" mama yake aliniuliza. Mama huyo ni fundi cherehani.

"Analala, anaamka, anapiga kelele, na kazi zote wanafanya wengine."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Basi baba yake atakuwa mkurugenzi!"

Lakini saa nne ilikuwa saa ya mateso. Watoto wote tisa walipewa maziwa saa nne. Ndivyo ratiba ya ofisi ilivyosema, na ilibandikwa ukutani kwa muhuri. Mmoja akianza kulia, wa pili anadaka, wa tatu anapokea. Binti yangu alimnyonyesha mmoja kwa chupa huku anabembeleza kitanda cha mwingine kwa mguu.

"Baba, nijigawe vipi?" aliniambia siku moja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Huyu akishiba, yule ameshalia mpaka sauti imekauka."

Nikajiona nina akili. Nilichukua taulo nene, nikalikunja mara nne. Nikalibana kwa vibanio viwili vya kuanikia nguo, katikati nikaacha kibonde. Ukiliweka kifuani kwa mtoto na kulaza chupa kwenye kibonde, chupa inakaa yenyewe. Mtoto ananyonya, wewe uko huru.

"Baba, wewe ni fundi!" alisema binti yangu.

Nikatengeneza tisa. Kesho yake saa nne chumba kilikuwa kimya. Tuliendelea hivyo miezi miwili, na mimi nilitembea kifua mbele. Nilidhani ukimya ni shibe.

Siku ya mkosi ilikuwa Jumanne. Nesi wa chanjo alikuwa chumba cha pili akipima uzito wa watoto wakubwa. Binti yangu alikuwa kwenye meza anabadilisha nepi, ameupa mgongo upande wa vitanda. Mimi niliingia na beseni la nguo safi.

Nikamtazama Meneja. Taulo lilikuwa limeteleza. Chupa ilikuwa imemkandamiza mdomo, maziwa yanamwagika shavuni. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa ya buluu. Hakulia wala hakukohoa.

"Mtoto!" nikapiga kelele. "Mtoto amepaliwa!"

Nilimnyanyua. Nikampulizia usoni. Nikamtikisa. Binti yangu alikuwa anasema "Mungu wangu, Mungu wangu," hawezi hata kumweka chini mtoto aliyemshika. Nikataka kumtia Meneja kidole kooni.

"Mzee, toa kidole!" Nesi alikuwa ameshafika mlangoni. "Nipe! Dada, piga simu, ita gari la wagonjwa!"

Akamchukua. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini kuliko kifua, kiganja kimeshika taya. Kwa sehemu ya chini ya kiganja cha pili akampiga katikati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Kimya.

Akamgeuza chali, kichwa bado chini. Akaweka vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Akakandamiza mara tano. Akamgeuza tena kifudifudi. Kwa pigo la tatu maziwa yakatoka mdomoni na puani. Kisha Meneja akalia.

Nimeishi miaka mingi. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Gari lilimpeleka hospitali, wakamchunguza, akarudi salama. Jioni nesi alirudi kituoni. Alitukuta tumekaa sakafuni, mimi na binti yangu. Alichukua taulo langu moja lenye vibanio.

"Hiki kitu nani alikitengeneza?"

"Mimi," nikasema. "Lakini wa kulaumiwa ni ofisi. Watoto tisa, mtu mmoja!"

"Mzee wangu, ofisi ina lake, na nitawaandikia. Lakini ofisi haikukunja hili taulo."

Maneno yale yalinichoma, na yananichoma hadi leo.

"Mimi ndiye niliyeliweka," binti yangu akasema. "Usimsute baba peke yake."

"Sijaja kusuta mtu, dada yangu. Nimekuja tusizike mtoto. Sikilizeni." Akakaa sakafuni na sisi. "Mtu mzima maziwa yakimzidi, anasukuma kikombe. Mtoto mchanga hawezi kusukuma chupa. Maziwa yanaendelea kumiminika, yeye anatakiwa ameze na avute pumzi. Yakikosea njia, anapaliwa. Na aliyepaliwa kabisa hatoi sauti. Kwa hiyo hutamsikia. Lazima umwone."

"Kumbe ule ukimya..." nikaanza.

"Ukimya si shibe, mzee. Tena wakinyonya wamelala chali, maziwa yanaweza kuingia hata sikioni kwa ndani. Hakuna kati yao anayetoa usaha masikioni?"

Binti yangu akanitazama. "Wawili," akasema polepole.

Nesi alituomba mwanasesere, akatuonyesha. Mtoto ananyonyeshwa akiwa amepakatwa, kichwa juu kuliko tumbo. Chupa inashikwa kwa mkono, imelala kidogo, isisimame wima. Kila baada ya muda unaitoa, mtoto anapumzika, unamweka begani abeue. Akigeuza uso, ameshiba, usimlazimishe.

"Na akipaliwa?" nikauliza.

"Kama anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, usimwondolee macho. Kama hana sauti na hapumui, ita msaada, kisha mapigo matano mgongoni na matano kifuani, kwa zamu, mpaka atoe. Usimtikise. Usimtie kidole usipoona kitu. Na akizimia, piga simu mara moja na ufuate watakavyokuelekeza. Haya, mzee, zamu yako."

Nikaweka mikono yangu ya dobi juu ya mwanasesere. Alinirudisha mara sita.

"Unampiga kama unafua blanketi," alisema. "Huyu ni mtoto. Rudia."

Baada ya wiki moja barua ilitoka ofisini. Haikuwa ya msaidizi. Ilikuwa ya onyo kwa binti yangu, kwa uzembe. Aliisoma, akaikunja, akaenda kubadilisha nepi.

Siku hiyo hiyo alibandua ratiba ya ukutani pamoja na muhuri wake.

"Watakufukuza," nikamwambia.

"Wanifukuze, Baba. Saa nne haitaua mtoto wangu yeyote."

Kila mzazi sasa alisema asubuhi mtoto amenyonya saa ngapi nyumbani, tukaandika kwenye karatasi kitandani. Aliyenyonya mapema alipewa mapema, aliyechelewa alisubiri zamu yake. Kwa hiyo hawakulia wote pamoja. Mimi nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikapakata. Fundi cherehani alikuja mapumzikoni kumnyonyesha Meneja mwenyewe. Mara ya kwanza hakunisalimia, na nilijua kwa nini. Mara ya tano alisema, "Shikamoo, baba." Nikaitikia nikiwa nimeinamisha kichwa.

Miezi mitatu ikapita. Hakuna aliyepaliwa. Wale wawili wa masikio walitibiwa wakapona. Mkaguzi wa ofisi akaja.

Alitukuta mimi na binti yangu tumepakata, kila mtu na wake. Akatabasamu, akaandika.

"Unaandika nini, bosi?" binti yangu akauliza.

"Wafanyakazi wanatosha."

"Huyu ni dobi!"

"Si namwona anafanya kazi vizuri tu?"

Hivyo ndivyo walivyo. Ukiziba tundu kwa kidole chako, watasema ukuta ni mzima.

Binti yangu hakubishana. Aliinuka, akamkalisha mkaguzi, akamwekea mtoto mapajani, akampa chupa mkononi.

"Nawa mikono kwanza... haya, kuna maji pale. Mshike tena. Kichwa juu. Usimwondolee macho. Baba, nenda kafue."

Nikampa binti yangu mtoto niliyempakata, nikatoka na beseni langu, nikasimama nje ya dirisha. Mtoto wa kitanda cha tatu akaanza kulia. Wa saba akadaka. Binti yangu alikuwa na mmoja mapajani, mwingine ana nepi chafu. Mkaguzi akatazama huku na huku. Jasho lilimtoka.

"Sasa hawa wengine nani anawashika?" akauliza.

"Hilo ndilo swali tulilowaandikia miaka yote hii," binti yangu akajibu. "Endelea, bado hajabeua."

Alikaa pale karibu nusu saa. Alipoinuka shati lilikuwa na maziwa begani. Alikata mstari aliouandika, akaandika mwingine. Hakusema asante wala samahani.

Baada ya wiki tano mlezi wa pili alikuja. Ni mama mtu mzima, mcheshi, mikono yake mipole. Nesi alimfundisha mapigo matano kabla hajashika chupa. Wanasema ofisi imejisifu mkutanoni kwa mpango wake mpya wa kuwajali watoto. Wajisifu tu. Miaka kumi na moja ya maombi haikuwatosha. Ilibidi mtoto awe wa buluu.

Wewe unayelea, usiache chupa ishikwe na taulo, mto wala kitanda. Nilifanya hivyo kwa nia njema, na nia njema ilikaribia kuua.

Juzi ofisi ilituma karatasi nyingine. Inasema sakafu ya chumba cha watoto wachanga haipigwi deki kabla ya saa nne kama inavyotakiwa, na mhusika ajirekebishe. Mhusika ni mimi. Nimeisoma. Bado napakata asubuhi, kwa hiyo naipiga deki saa tano, mtoto wa mwisho akishabeua.