Muhuri wa Kiazi

Ifahamike kwa watu wote kwamba, Jumatatu ya kwanza ya likizo, karakana ya ushonaji ya mama mdogo wangu Zabibu, katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ilipata Mkurugenzi wa Wafanyakazi. Mkurugenzi huyo alikuwa mimi, Djamila, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu. Kazi yangu nyingine ilikuwa kufagia nyuzi.

Cheo nilijipa mwenyewe. Mama mdogo alikuwa amekwenda mpakani, Kasumbalesa, kununua vitambaa, na nyuma yake yalibaki mashati mia moja na ishirini ya shule, ya kukabidhiwa Jumamosi. Tukichelewa, shule ingempa mshonaji mwingine kazi hiyo mwaka mzima. Washonaji walikuwa wawili tu: Mama Léonie, aliyefanya kazi pale miaka tisa, na kijana Numbi.

Mimi sijui kutulia. Nilifungua kitabu cha usimamizi cha kaka yangu anayesoma chuoni, nikasoma kurasa mbili. Ziliniambia kwamba ushindani huongeza kazi. Basi nikaandika: "Ijumaa mfanyakazi mmoja ataachishwa kazi. Jina litatangazwa." Kwetu, karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Kwa hiyo nilichonga muhuri kwa kiazi, nikauchovya kwenye wino wa zambarau, nikagonga, nikabandika mlangoni.

Jumanne cherehani zilinguruma tangu asubuhi, nami nikajipongeza. Kufikia saa tisa, Numbi alikuwa ameficha mkasi mzuri ili Mama Léonie asimpite, na mashati sita yalikuwa na mikono iliyoshonwa nje ndani. Hakuna aliyecheka wala kuimba. Hata mimi nilifagia mahali palepale mara tatu.

Jumatano Mama Léonie hakuja. Numbi alisema amekwenda Bel-Air kuomba kazi kwa mshonaji mwingine, na kushona kola kulijulikana na Mama Léonie peke yake.

Adhuhuri mama mdogo alirudi, akasoma tangazo bila kukaa. Alimtuma Numbi apande pikipiki amlete Mama Léonie. Mama Léonie alipofika, begi lake likiwa bado begani, mama mdogo alimwambia kwamba yeye hakuandika hata neno moja la tangazo lile.

"Lakini iko na muhuri, Mama Zabibu," alisema Mama Léonie kwa sauti ndogo. "Mimi ni mtu wa polepole. Nilijua ni jina langu. Nikasema bora niondoke na miguu yangu kuliko kusomwa mlangoni kama mwizi."

Mama mdogo alisema tule kwanza. Bukari, yaani ugali, ilikuwa tayari. Aliniita nilete mikono, akanimwagia maji kutoka kwenye birika. Yakatiririka yakiwa ya zambarau. Nilisugua, vidole vikazidi kung'aa.

Wote watatu waliviangalia. Nilitafuta uongo mzuri, kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza sikuupata, kwa sababu Mama Léonie alikuwa bado ameshika begi.

"Ni mimi," nilisema. "Nilitaka mwende mbio. Mama Léonie, hakukuwa na jina. Unisamehe."

Mama Léonie aliliweka begi chini taratibu. Numbi akautoa mkasi chini ya mto wa kiti chake, akiangalia pembeni.

"Kitabu chako kinasemaje ukurasa wa tatu?" aliuliza mama mdogo.

"Sikufika huko."

"Basi nikusomee mimi. Mtu mwenye hofu anashona kwa jicho moja, lile lingine liko mlangoni. Ukitaka watu wakufanyie kazi vizuri, waambie kweli, na uwape sababu ya kurudi kesho. Sasa kaa ufumue mikono ya yale mashati sita."

Nilifumua hadi Alhamisi, Mama Léonie akinionyesha namna ya kutochana kitambaa. Ijumaa jioni shati la mwisho lilikunjwa.

Hapo ndipo mama mdogo alipouliza kwa nini kapu lake la viazi lilipungukiwa. Nilikiri kwamba vilikuwa vinne. Mihuri mitatu ya kwanza ilikuwa mibaya.