Ubao wa Nuh

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Sahara aliwapanga watoto wa duksi, chuo kidogo cha Kurani, chini ya kivuli cha mikeka. Walikuwa watoto wa miaka minne hadi sita. Maalim Kulow aliwaandikia aya kwenye mbao kwa wino wa mkaa na maziwa, nao wakazikariri kwa sauti. Sahara, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa msaidizi wake, na alijiona kweli kweli! Akipita na fimbo yake kwapani, hata mbuzi walimpisha.

Ilikuwa mwaka wa 1966, wakati wa vita kati ya serikali na waasi. Wafugaji walikuwa wamekusanywa na serikali katika kijiji kimoja karibu na Garissa, kilichozungushiwa ua wa miiba. Jua likizama, lango lilifungwa. Watu walikuwa wameonywa kwamba atakayeonekana nje baada ya hapo atapigwa risasi.

Mbao zilioshwa nje ya lango. Maji yaliyoosha aya huaminiwa kuwa baraka na dawa, hayamwagwi ovyo. Humwagwa mahali safi pasipokanyagwa, na ndani ya kijiji kile hapakuwa na shubiri ya ardhi isiyokanyagwa. Maalim alikuwa ameomba ruhusa kwa askari, akatenga pembe ndogo karibu na vichaka.

Siku hiyo Maalim alikwenda mazishini, akamwachia Sahara watoto.

"Soma, Nuh!" Sahara aliamuru.

Nuh, mtoto wa miaka mitano, alimtazama tu. Hakuwa amesoma tangu juzi.

"Unanidharau? Toka! Usirudi mpaka uijue aya yako. Na maziwa leo hupati!" Akamwonyesha njia kwa fimbo, akakiondoa kikombe chake cha maziwa.

Wenzake walicheka. Nuh akauchukua ubao wake, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Sahara hakujali alikokwenda.

Alasiri, Saado, mama yake Nuh, alirudi kutoka mtoni na mtungi wa maji.

"Sahara, mwanangu yuko wapi?"

"Ameondoka na wenzake, eedo," Sahara alijibu kwa heshima, kama anayemjibu shangazi yake. Heshima ilikuwapo, ukweli ndio haukuwapo.

Maskini Saado akazunguka nyumba kwa nyumba. Aliporudi duksi, jua lilikuwa limeinama na sauti imemkauka. Maalim naye alikuwa amerejea. Sahara alipima moyoni. Akisema kweli, atanyang'anywa fimbo mbele ya watu. Akinyamaza, lango litafungwa na Nuh hajulikani alipo.

Akatazama mbao zilizoegemezwa kwenye mti. Ubao wa Nuh haukuwapo! Mbao za duksi hazipelekwi nyumbani. Hutolewa pale kwenda kuoshwa tu.

"Maalim, nimesema uongo," alilia. "Nilimfukuza. Ubao wake haupo. Yuko nje ya lango!"

Wakakimbia wote watatu. Langoni, askari alikuwa tayari anavuta miiba.

"Rudini! Muda umekwisha!"

Maalim na Saado hawakujua Kiswahili. Sahara alikijua cha sokoni. Akainua mikono.

"Afande, tafadhali! Mtoto moja iko nje. Ndogo sana. Mimi ndio nilifukuza yeye. Yeye hana makosa!"

Papo hapo kitu kikatikisika karibu na vichaka. Askari akainua bunduki.

"Usibige, afande! Ni yeye!"

"Basi mwite atoke."

Sahara akaita. Kimya. Akaita tena kwa nguvu zake zote. Kimya.

"Mbona haitiki?" askari aliuliza, bunduki ikiwa bado begani.

Ndipo Sahara alipoelewa, na uchungu ukamjaa. Nuh hakuwa mkaidi. Nuh hakuwa akisikia!

"Afande, hasikii. Niache mimi niende."

Askari alisita. "Nenda. Polepole, na mikono juu."

Akaenda hatua kwa hatua mpaka vichakani. Alimkuta Nuh amechuchumaa, ubao mapajani, akijidondoshea maji ya aya sikioni. Usaha ulikuwa umemtiririka mpaka shingoni.

"Masikio yanauma," Nuh alisema. "Nataka nisikie, ili unipe maziwa."

Sahara alimbeba huku akilia. Lango likafungwa nyuma yao.

Mbele ya watu wote, alimkabidhi Maalim fimbo bila kuombwa. Maalim aliipokea.

"Uongo wako nusura umuue mtoto," alisema. "Ukweli wako umemrudisha, japo ulichelewa. Lakini ulikosea kabla ya hapo. Mimi nilikukabidhi watoto, wewe ukapokea sauti zao tu. Mtoto hasomi kwa ulimi peke yake. Ana masikio, ana tumbo, ana hofu aliyolala nayo. Kabla ya kumwambia asome, muulize ameamkaje."

Asubuhi Nuh alipelekwa zahanati mjini, akasafishwa masikio na kupewa dawa. Siku aliporudi duksi, Sahara hakuwa na fimbo. Alikuwa na kikombe cha maziwa. Akachuchumaa mbele yake.

"Nuh, umeamkaje?"

"Salama," Nuh alijibu. Akanywa, akapangusa midomo, kisha akamtazama. "Na wewe, Sahara, umeamkaje?"