Kuku wa Mama Léocadie

Asubuhi ile Mama Léocadie alimkamata kuku wake mweupe, yule mtagaji, akamfunga miguu.

"Mama, kuku anaenda wapi?" akauliza jirani yake Safia.

"Ninaenda kumusalimia shefu wa Falonne."

Binti yake Falonne alikuwa akifanya kazi hapa Kasongo, katika kituo cha serikali kinachochunguza magonjwa ya muhogo. Alijua kutazama jani kwa mikroskopi na kusema: hili zima, hili gonjwa. Mama alijisifu kwa hilo mpaka watu wa soko wakachoka. Lakini sasa ni miezi miwili Falonne anarudi kutoka kazini amenuna. Hata chakula hali vizuri. Ukimuuliza, anajibu, "Ni shefu tu."

Mama akawaza: kumbe hatujamsalimia mkubwa wake! Kwao mkubwa husalimiwa kwa kuku, si kwa maneno matupu.

Bwana Christophe, mkuu wa kituo, alipokea kuku kwa mikono miwili, akacheka mpaka magego yakaonekana. Mama akarudi na moyo mwepesi.

Jioni Falonne akaingia akilia.

"Mama, ulimupelekea Christophe kuku?"

"Ndiyo. Ni heshima."

"Anasema wewe umekubali! Anataka twende Wamaza kuchukua majani, siye wawili tu, tulale nyumba moja. Nikikataa, kazi yangu imekwisha. Kila siku ananishika kiuno, ananitumia maneno machafu kwa simu."

Mama Léocadie akaketi chini, pale pale mavumbini. Mama wee! Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyombeba kuku yule! 

"Mbona hukuniambia, mutoto yangu?"

"Niliona haya. Nilizani utasema nivumilie."

Safia alisikia kilio, akaja mbio. Yeye hufanya kazi na chama kinachosaidia wanawake mahakamani.

"Lahaula!" akasema. "Hii si ya kuvumilia. Tangu 2006 sheria ya Congo inakataza. Mukubwa akitumia cheo chake kumusumbua mutu ili alale naye, kwa maneno, kwa mikono ao kwa vitisho, ni kosa. Kifungo chake ni mwaka moja mpaka miaka kumi na mbili."

"Hata mutu wa serikali? Hata mwenye masomo makubwa?"

"Hata yeye. Sheria haiulizi diplome. Falonne, usifute maneno yake kwa simu. Kamata kalamu. Andika siku, pahali, alisema nini, nani alisikia."

Barua moja ilikwenda Kindu, kwa wakubwa wa kituo. Nyingine ilikwenda parke, kwa mwendesha mashitaka. Baada ya wiki tatu akafika mkaguzi kutoka Kindu, mwanamke aitwaye Emilienne. Akawaita wafanyakazi wote, na Mama Léocadie pia.

Christophe akasimama, tai shingoni. "Ni uongo. Familia ilikubali. Mama mwenyewe alileta kuku!"

Macho yote yakamgeukia Mama Léocadie. Akasimama.

"Kwetu, mwanaume akitaka binti, ni yeye analeta mbuzi," akasema. "Tangu lini mama anatoa mutoto na tena anaongeza kuku? Nilisalimia mukubwa wa kazi. Sikujua ninasalimia fisi!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha Sonia, mfanyakazi mwenzake Falonne, akasimama. "Hata mimi alinifanyia vile," akasema. Akasimama mwanamke wa tatu. Akasimama wa nne. Kicheko kikakatika. Mama aliwahesabu akashika kinywa. Watoto wa watu wote hawa, na kila mmoja alikuwa akilia peke yake!

Christophe aliondolewa kazini, na parke inamfuata kwa kesi. Ndani ya kabati lake ilipatikana kanuni ya kituo inayokataza unyanyasaji. Kumbe aliifungia humo! Sasa imebandikwa mlangoni, na watu watatu wamechaguliwa kupokea malalamiko. Hakuna tena anayelazimishwa kusafiri peke yake na mkubwa.

Juma lililopita Falonne alikwenda Wamaza kuchukua majani, pamoja na Sonia. Mama aliwasindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Na kuku wako, mama?" Safia akamtania.

"Fisi yule alimukula na mifupa," akajibu Mama Léocadie. "Kuku, sawa, amekula. Mutoto yangu, hapana."