Bahasha Chini ya Kinanda

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Alhamisi tarehe 15 Februari, spika ya muuza mitumba katika soko la Kalundu, mjini Kitui, ilianza kulia kwa sauti ya kutoboa masikio. Akina mama wa mboga walijiziba masikio kwa viganja. Mbuzi mmoja alikata kamba. Muuza mitumba, badala ya kuizima, aliinua maikrofoni akapaza sauti juu ya kelele yenyewe: "Mwiteni Wayua! Mwiteni fundi!"

Kibanda cha Wayua Mulwa kilikuwa hatua arobaini kutoka hapo. Alikuja amevaa ovaroli ya bluu juu ya gauni la maua, bisibisi imechomekwa kwenye nywele zake zilizosukwa. Aliisogeza spika mbele ya maikrofoni, akateremsha kitufe kimoja, kelele ikakatika. Watu walipiga makofi.

"Aiee! Mbona umeizima?"

Wayua aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye fulana nyeusi iliyochujuka na buti nzito zisizofaa jua lile. Alikuwa ameinyoosha simu yake kuelekea spika, anarekodi.

"Umesema?"

"Ilikuwa inapanda vizuri. Ningepata sekunde kumi tu."

"Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni Kyule."

"Sijauliza jina. Nimeuliza hali."

Kyule alicheka, akaifuta simu vumbi kwa fulana. Wayua aliirudisha bisibisi kwenye nywele lakini hakuondoka. Katika miaka tisa ya kazi, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumlalamikia kwa sababu kitu kimepona. Alitaka kujua kwa nini.

Jina alilijua. Kyule alipiga gitaa katika Saa Nane, bendi ya roki ya vijana wa Kitui: gitaa, besi na ngoma. Wimbo wao wa "Vumbi la Mutomo" ulikuwa kwenye simu ya kila bodaboda, na Wayua mwenyewe aliweza kuimba kwa mdomo sehemu yote ya gitaa.

"Magitaa nimeyaweka chini," Kyule alimwambia juma lililofuata, wakila mutura, utumbo uliojazwa nyama, na kachumbari nyuma ya soko. "Nataka kutumia sauti za mashine. Spika inayolia, jenereta, pampu ya kisima. Nazikatakata, nazirefusha."

"Na watu watacheza vipi?"

"Hilo ndilo sijui."

"Angalau unajua kwamba hujui," alisema Wayua. "Wateja wangu wengi hawajafika hapo."

Kufikia Aprili Kyule alikuwa akimpigia simu kila jioni.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Hiyo kelele nyuma yako ni nini?"

"Mashine ya kusaga ya jirani. Sikiliza inavyopungua kasi. Umesikia?"

"Nimesikia mkanda uliolegea. Mwambie jirani aukaze."

"Mrembo, wewe huna huruma."

"Huruma ninayo. Mkanda ndio haufai."

Tamasha la kwanza la muziki mpya lilikuwa mjini Mwingi, mwezi wa Juni, katika ukumbi wa mabati uliojaa watu kama mia mbili. Kyule alikaa nyuma ya kinanda cha zamani alichopewa na kanisa la mama yake waliponunua kingine. Gitaa liliegemezwa ukutani. Baada ya nusu saa watu walianza kuita, "Gitaa! Gitaa!" Kisha wakaanza kutoka. Wayua aliwahesabu: ishirini na saba. Kwenye mtandao shabiki mmoja aliandika, "Hii ni bendi au ni friji?" na wengi wakampa tano. Wachache walimjibu kwamba hawajawahi kusikia kitu kama kile, na ubishi ukaendelea hadi Agosti.

Wayua naye alikuwa na swali lake. Karibu na mwisho, kinanda kilikuwa kimetoa sauti iliyozama polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga wa mto, noti zote zikishuka pamoja bila kuachana.

"Uliipenda?" Kyule alimuuliza nje ya ukumbi.

"Sijui bado. Lakini sikutoka. Ile sauti inayozama unaifanyaje?"

Kyule alitazama pembeni. "Siri ya kazi, mpenzi."

Mbithi, mpiga besi, mtu mfupi asiyeficha neno, alikuwa akikunja waya karibu nao. "Hata sisi hatuambii," alisema. "Sawa. Lakini nisikilize, Kyule. Tuna tamasha Makindu Oktoba. Ikienda kama leo, mimi na Jonah tunarudi kwa magitaa, na jina la bendi tunaenda nalo. Wewe utabaki na kinanda chako cha kanisa."

Jonah, mpiga ngoma, alifunga mfuko wa vijiti vyake. Alikuwa amekaa dakika arobaini bila kuigusa ngoma.

Jumatano tarehe 9 Oktoba, siku tatu kabla ya Makindu, Kyule alileta kinanda kibandani. Kibao kimoja kilikuwa kikibonyezwa hakirudi.

Mzee Mulwa, baba yake Wayua, alikuwa amemfundisha kazi kwa kanuni tatu. Mteja huandika tatizo lake mwenyewe kwenye kadi. Kila chombo kinachopanda mezani hukaguliwa chote, si pale tu mteja alipoonyesha. Na kifaa kibovu kikitolewa hurudishiwa mwenyewe ndani ya bahasha, ili asiseme kesho kwamba fundi alimdanganya.

Kyule alichukua kalamu. Kwenye mstari wa *Tatizo kulingana na mteja* aliandika: *Kibao kimoja hakirudi.* Akambusu Wayua shavuni, akaenda mazoezini.

Alipokuwa akitoka, Mbithi alikuwa akiingia na waya wa besi uliokatika. Aliona kinanda mezani. "Ukishakifungua hicho, Fundi, kikatae kufungika," alisema. Wayua alicheka. Baadaye alikumbuka kwamba alicheka.

Alibadilisha springi ya kibao. Alipangusa vumbi. Halafu, chini ya taa, aliona kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, ya rangi ya chungwa, iliyopasuka ubavuni, kwenye sehemu inayoshikilia noti zote zisipande wala kushuka. Akaitoa, akaweka nzima. Ile ya zamani aliitia kwenye bahasha, akaandika tarehe na mahali ilipotoka, akaigandisha chini ya kinanda kwa utepe. Yote matatu aliyaandika kwenye kadi. Alhamisi asubuhi, kukiwa bado na baridi, alikijaribu, na kila noti ilikaa mahali pake. Jonah alikuja kukichukua saa nne, pamoja na kadi yake.

Ijumaa saa saba mchana simu ililia.

"Wayua, umefanya nini?"

"Habari ya mchana, mpenzi."

"Umekifanya nini kinanda?"

"Nimebadilisha springi, nimesafisha, nimetoa kapasita iliyopasuka. Iko kwa kadi. Kwani hukusoma kadi?"

"Tumefanya mazoezi masaa mawili kwa jua na haizami! Ile sauti imeenda!"

"Haizami?" Wayua aliweka chini chuma cha kuchomelea. "Si wewe ndiye unayeizamisha?"

Upande wa pili palikuwa kimya. Alisikia lori likipita, kisha pumzi.

"Mbithi alikuja kwako Jumatano," Kyule alisema. "Nilimwona akiingia. Alikuambia nini?"

"Aliniletea waya wa besi."

"Na nini kingine?"

"Alitania."

"Mkacheka."

"Nilicheka, ndiyo."

"Mngeniambia usoni kwamba hamuutaki huu muziki. Wewe hasa. Ungeniambia."

"Kyule, mimi nikiwa na jambo..."

Simu ilikatika. Wayua alipiga mara tatu, akajibiwa kwamba mteja hapatikani. Alituma ujumbe: *Kapasita ya zamani iko kwenye bahasha chini ya kinanda.* Ujumbe haukufika.

Alilia kwa muda mfupi, mlango ukiwa umefungwa. Kisha akachukua kadi tupu akaandika anayoyajua. Mwingi, ukumbi wa mabati, joto kali. Sauti ilizama baada ya kama dakika arobaini. Kibandani, asubuhi, baridi: haikuzama. Kapasita iliyopasuka hubadilika ikipata joto. Chini kabisa aliandika: *Hakuwa anaifanya yeye.* Aliisoma tena sentensi hiyo. Ilieleza kinanda, na ilieleza ule ukimya kwenye simu. Kyule alikuwa amewaambia wote kuwa ni siri ya kazi, na siri yenyewe ilikuwa kifaa kibovu ambacho hakujua kilipo.

Hilo halikuondoa uchungu wa kushukiwa. Lakini kapasita ilikuwa imeenda Makindu na kinanda, na Makindu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua ilikotoka.

Alifika Jumamosi saa tano. Alipita hekalu la Wasikh, ambako wasafiri hukaribishwa bure, akanywa chai, kisha akavuka hadi kwenye bustani ya hoteli kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako hema lilikuwa limesimikwa na viti vya plastiki vimepangwa. Alikuwa amevaa gauni la kijani la kwenda kanisani na viatu vya wazi, na mkononi alibeba kisanduku cha vifaa chenye kutu.

Mbithi alimwona kwanza. "Eh! Fundi amekuja kama bibi harusi wa karakana."

"Nyamaza, shemeji. Yuko wapi?"

Kyule alikuwa jukwaani, anafunga nyuzi mpya kwenye gitaa. Alimwona, akaacha kufunga.

"Umekuja kucheka tena?"

"Nimekuja kuuliza maswali ambayo ningeuliza Jumatano," alisema Wayua. "Ile sauti ilikuwa inazama baada ya muda gani?"

"Wayua, si sasa."

"Baada ya muda gani?"

Kyule alimtazama Mbithi, akamtazama Jonah. Wote wawili walikuwa wamesogea.

"Kama dakika arobaini," alisema hatimaye. "Kukiwa na joto. Siku za baridi haikuja kabisa."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini ili izame?"

"Hakuna. Nilikuwa nangoja." Aliliweka gitaa chini. "Kanisa lilikitoa kinanda kwa sababu hiyo. Kwaya ilikuwa inaachwa juu kila Jumapili ibada ikirefuka. Mimi niliisikia nikaona ni kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kupiga. Niliona aibu kusema si mimi niliyeitengeneza."

"Ngoja," Mbithi alisema. "Miezi minne natukanwa mtandaoni kwa sababu ya kinanda kibovu?"

"Ndiyo."

"Na si ati ulituona washamba tusioweza kuelezwa?"

"Nilikuwa sina cha kueleza, bana."

Mbithi alianza kucheka, akashindwa kuacha, akakaa juu ya spika.

Wayua alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kinanda, akaubandua utepe. Bahasha ilikuwa palepale. Kyule alisoma mwandiko wake juu yake, tarehe na mahali, akabaki ameishika.

"Ilikuwa hapa siku zote?"

"Tangu Jumatano. Tena iko kwa kadi." Wayua aliuviringa utepe kidoleni. "Ulinishuku, Kyule. Mimi kitu kikinikera nakuambia hapo hapo. Mkanda wa jirani tu nilikuambia."

"Najua."

"Jana hukujua."

"Jana niliogopa. Nilikukosea. Nisamehe, Fundi."

"Nitaona," alisema Wayua. "Nishikie taa."

Hakuitoa kapasita nzima. Aliweka zote mbili, nzima na mbovu, na kati yake swichi ndogo aliyoing'oa kwenye taa ya mezani. Kazi ilichukua dakika hamsini, Kyule ameshika taa, jasho likimdondoka.

"Itafanya kazi?" Mbithi aliuliza.

"Sijui. Ile mbovu nimeichoma moto mara mbili, kuitoa na kuirudisha. Huenda imekufa. Hatutajua hadi ipate joto."

Saa nane kamili walianza. Wayua alikaa jukwaani juu ya kreti ya soda, kidole kando ya swichi, kwa kuwa Kyule alihitaji mikono yote miwili. Walipiga "Vumbi la Mutomo" kwanza, kwa kinanda na besi, na watu waliutambua wakaimba. Kisha besi ikabaki na noti mbili, na Wayua akaisukuma swichi upande wa mbovu.

Dakika ya arobaini, hakuna kitu. Watu walianza kuita gitaa. Wengine waliinuka. Dakika ya arobaini na tatu Kyule alimtazama. Wayua alitikisa kichwa: bado. Mbithi hakuacha noti zake mbili. Jonah, ambaye hakuwa ameambiwa afanye nini, alianza kuigonga ngoma kubwa taratibu.

Dakika ya arobaini na saba sauti ilizama.

Ilishuka yote pamoja, na besi ikaifuata chini. Kyule aliinua mikono kutoka kwenye vibao, ili kila mtu aone kwamba si yeye. Wayua alirudisha swichi, noti zikaruka zikasimama wima. Akaisukuma tena, zikazama. Mtu fulani alipiga mluzi. Kumi na tisa walitoka. Dereva wa lori aliyekuwa amesimama kwa chai aliingia hemani na kikombe chake, akasimama hadi mwisho.

"Nabaki," Mbithi alisema wakikunja nyaya. "Hadi Desemba. Halafu tutaongea."

Kyule alikuja kukaa kando ya kreti. "Una kadi nyingine?"

Wayua alimpa. Kyule aliandika polepole, akamrudishia. *Tatizo kulingana na mteja: Nilimshuku fundi bila kusoma kadi. Pili, mwaitu anauliza mbuzi wa ntheo wapelekwe kwa Mzee Mulwa lini.*

Wayua alisoma mara mbili: mama yake Kyule alikuwa akiuliza siku ya mbuzi wa kwanza wa posa. "La kwanza nimekusamehe. Hili la pili ni tatizo?"

"Linanisumbua."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari, Kalundu."

"Linazidi kukiwa na joto?"

"Hata kwa baridi, mpenzi. Hilo halina swichi."

Wayua aliitoa kalamu mkononi mwake. Kwenye mstari wa *Tarehe ya kuchukua* aliandika: *Jumamosi, 14 Desemba.* Akatia sahihi, na kando yake saa ya kupokea kadi: kumi na dakika tano.