Mstari wa Gichuru

Zedekiah Simiyu alikuwa na mazoea ambayo wapishi na mayaya wa Loresho, mtaa wa wazungu Nairobi, waliyacheka mpaka wakachoka. Kila asubuhi, kabla hajashika jembe, alivua viatu, akapiga magoti katika bustani ya memsahib, akalaza viganja vyake kwenye udongo mwekundu na kunyamaza. Alikuwa mtu wa Kanisa la Marafiki, wale ambao kwao ibada si kelele. Unakaa kimya mpaka Roho aseme. Wenzake walimtafuta Mungu Jumapili kwa viatu vilivyong'arishwa. Yeye alimpata kwenye matuta ya karoti, na hakuona haya kusema hivyo.

Kazi yenyewe aliipata mwaka wa hamsini na nne, baada ya ule msako mkubwa wa wakati wa Mau Mau uliowazoa Wakikuyu mjini wakapelekwa kambini. Mtunza bustani wa awali, mzee mmoja mnusa ugoro aliyeitwa Gichuru, alipakiwa kwenye lori asubuhi, na jioni memsahib alikuwa ameshatuma watu wamtafutie mwingine. Zedekiah hakupendezwa na kula mkate wa mtu aliyefungwa. Lakini mkewe Naliaka alikuwa na mimba, na watoto wawili wa kwanza walikuwa wamemtoka mikononi kabla ya kuota jino. Huyu wa tatu walimtaka kwa udi na uvumba. Kazi aliishika.

Bustani ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na jambo moja lisiloeleweka. Maua meupe yenye majani marefu yalipandwa kwa mstari uliopita katikati yake, kutoka ua wa mbele mpaka kule chini mtoni. Mstari ulipinda hapa, ukapinda pale, ukakata hata njia ya kupita. Hakuna aliyepanda vile kwa ajili ya urembo.

Ilikuwa wakati wa kiangazi. Asubuhi moja Zedekiah alikuta udongo chini ya maua yale umelowa, na kwingine kote ni vumbi. Pembeni ya mstari palikuwa na vishimo viwili vidogo. Alivijua, maana yeye mwenyewe huacha vya namna hiyo kila siku. Ni alama za magoti. Akaweka magoti yake juu yavyo kupima, yakazidi. Aliyepiga magoti pale alikuwa mwembamba kuliko yeye.

Alimwuliza Jamleck, mpishi wa nyumba ile. Jamleck alikuwa Mkikuyu wa misheni, mtu wa makamo aliyebakizwa kwa sababu memsahib alimsimamia na hakuna mwingine aliyejua kumpikia.

"Magoti yangu mimi hata kanisani inakataa," Jamleck alisema. Kisha akatazama dirisha la jikoni, akashusha sauti. "Hiyo maua usiguse. Hata akikuambia."

"Kwa nini, mzee?"

Jamleck alirudi jikoni. Siku zile Mkikuyu aliyezungumza habari za ardhi kwa sauti alikuwa anaomba safari ya lori.

Haikupita wiki, memsahib akatoka na kofia yake ya jua. "Toa hii maua yote," alisema. "Mimi nataka rozi hapa, laini moja, sawasawa."

Zedekiah akang'oa, angefanyaje? Aliomba kwanza, akashika shina la kwanza, akavuta. Halikutoka. Alikaza mguu kwenye udongo, akavuta tena. Amewahi kung'oa visiki vya mikaratusi, anajua mzizi unavyogoma. Huu haukugoma. Ulivutwa. Alivuta juu, na chini kukavutwa pia, mpaka upande wa chini ukaachia ghafla na yeye akaanguka chali. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila shina hadi mtoni. Mashimo aliyoyaacha yalikaa wazi, na udongo wake haukuporomoka.

Naliaka akajifungua siku hizo hizo, katika chumba chao nyuma ya nyumba kubwa. Mkunga alikuwa Peres, yaya wa nyumba ya pili. Mtoto alitoka salama, wa kiume, mzito, na Zedekiah alilia bila kujificha. Peres akalifunga kondo la nyuma kwa jani la mgomba, akamkabidhi. "Kalizike vizuri," alisema. "Ndilo litakalomfunga na nyumbani."

Kwao, kwa Wabukusu, lingezikwa kando ya nyumba ya baba. Hapa nyumba haikuwa yake, na uani kulikuwa na saruji na changarawe ngumu. Zedekiah akafikiri. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo alikuwa na amani Nairobi nzima, mahali alipoongea na Mungu wake, na udongo wake ulikuwa tayari umefunguliwa. Akaliweka kondo la mwanawe katika shimo moja la yale maua, akalifukia kwa mikono, akashukuru.

Mtoto alianza kulia kabla baba yake hajamaliza kunawa.

Alilia mchana ule, akalia uliofuata. Titi alilikataa. Maziwa ya Naliaka yakamjaa, yakamwagika, yakalowesha nguo, na mtoto anageuza uso. Daktari wa zahanati alimpapasa, akasema hana ugonjwa. Ngozi ikaanza kulegea mapajani. Naliaka alikuwa ameshaiona ngozi ya namna hiyo mara mbili, na aliogopa mpaka akashindwa kusali.

"Waite babu zako," alimnong'oneza mumewe. "Pengine kuna anayetaka jina."

Hiyo ndiyo desturi ya kwao, na kanisa halijaifuta. Mtoto akilia bila sababu huitiwa majina ya waliokufa, na lile la mwenyewe likitajwa hunyamaza. Zedekiah akamshika mwanawe, akaanza. Khaemba, kama ni wewe, nyamaza. Wanjala, kama ni wewe, nyamaza. Alimaliza ukoo wake, akaingia ukoo wa mkewe. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka. Alilia kwa mdomo tu.

Jamleck alikuwa amesimama mlangoni, unga ungali mikononi. "Ile kitu ilitoka nyuma ya mtoto," alisema polepole, "uliweka wapi?"

Zedekiah akanyoosha kidole bustanini.

Jamleck akakaa chini pale pale kizingitini. "Hiyo maua sisi tunaita matooka," alisema. "Inapandwa kwa mpaka. Hiyo ni mpaka ya shamba ya baba yake Gichuru, kabla mzungu hajakuja. Mzee alikubali kuwa boi hapa ndiyo asalimie shamba yao kila asubuhi. Tangu ile lori, hakuna mtu amesikia habari yake tena. Mpaka haing'olewi, Zedekiah. Wewe umeng'oa, halafu umepanda mtoto wako hapo."

"Nitamfukua," Zedekiah alisema.

Alikimbia. Jua lilikuwa juu kabisa, na ndege walikuwa wakiimba. Alichimba kwa mikono palepale alipofukia. Akachimba zaidi. Hapakuwa na kondo. Hapakuwa na jani la mgomba. Shimo lilikuwa safi, lenye ubaridi, limesawazishwa pande zote kwa vidole. Ndani yake mlinuka ugoro.

Aliporudi alimkuta Naliaka amemlaza mtoto mapajani. Mtoto hakulia tena. Kifua kilipanda, kikakaa, kikashuka. Kikakaa sana.

Naliaka hakumtazama mumewe. Aliinama sikioni kwa mwanawe.

"Gichuru," alinong'ona.

Mtoto akavuta pumzi. Akageuza kichwa. Akalitafuta titi mwenyewe, akalishika, akanyonya kwa nguvu mpaka Naliaka akauma mdomo. Mtoto wa siku chache hajui kutazama. Huyu alitazama. Alimpita mama yake kwa macho, akampita Jamleck mlangoni, akakazia bustani.

Naliaka alilia kwa furaha, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kingine. Alijua amemwokoa. Alijua pia kwamba amemtoa, na hakujua amemtoa kwa nani.

Zedekiah aliyarudisha matooka yote siku hiyo hiyo, kila shina kwenye shimo lake, na safari hii udongo uliyapokea bila taabu. Memsahib alipoyaona alimfukuza kazi papo hapo. Hawakuhuzunika. Walipanda treni kwenda kwao wakiwa na mtoto mnene, mtulivu, na Zedekiah aliimba njia nzima.

Mama yake, Selpher, aliwapokea kwa vigelegele. Kwao udongo ni wa kichanga, wa kijivu, haushiki hata mguuni. Asubuhi ya kwanza alipomwogesha mjukuu alikuta kucha zimejaa udongo mwekundu. Akasema ni vumbi la safari, akazisugua, akazikata. Asubuhi ya pili zilikuwa zimejaa tena. Mtoto alikuwa hajajua hata kujigeuza.

Selpher si mtu wa kutishwa ovyo. Alimvika mjukuu mifuko ya kitambaa mikononi, akaikaza kwa uzi, akafunga mafundo yake mwenyewe, akalala naye kitanda kimoja amemkumbatia. Kulipokucha mafundo yalikuwa vile vile. Akamwita Naliaka aje aone akifungua.

Udongo ulikuwa mwekundu, mbichi, umeingia mpaka kwenye nyama ya kucha.

"Mlimpa jina gani huyu?" Selpher aliuliza kwa sauti ndogo.

Naliaka akamwambia. Bibi akavikunjua vidole vya mtoto kimoja kimoja, taratibu, asimwamshe. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, amechoka. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimetoka malengelenge, pale pale mpini wa jembe unaposugua.