Tangawizi ya Bibi Wenna

Hebu nikuulize: umewahi kumtazama mtu akingojea kitu ambacho wewe peke yako unajua hakiji? Kama hujawahi, shukuru. Kerra alimtazama babu yake hivyo kila asubuhi, tangu Aprili hadi Julai.

Kerra alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi katika kijiji cha Polwidden, Cornwall, pamoja na mama yake, Jenna, aliyeuza mikate dukani, na babu yake mzaa mama, Mzee Denzil. Kila siku, kabla ya shule, Kerra aliteka maji, akainjika birika, akapaka siagi mkate wa zafarani wa jana, kisha akachungulia dirishani. Babu alikuwa ameshatoka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya kibanda cha zana, mbele ya ukuta wa mawe unaopigwa na jua. Mkononi fimbo, machoni udongo mtupu.

Hapo ndipo ilipokuwa tangawizi ya Bibi Wenna, mke wa babu. Si tangawizi ya kutia kwenye chai, la. Ni ile ya maua. Majani yake mapana humpita mtu mzima kimo, na mwezi wa Agosti hutoa mashada ya manjano yenye nyuzi nyekundu, yakanukia jioni hadi barabarani. Bibi aliilea miaka thelathini na mmoja. Alifariki Septemba, mashada yakiwa bado wazi. Tangu siku ya mazishi, hakuna aliyemtaja mle nyumbani. Mama akisikia jina lake huondoka chumbani.

"Babu yako anaangalia udongo kama sisi tunavyoangalia televisheni," Tegen, rafiki yake, alimtania njiani. "Mwambie abadilishe stesheni."

"Nyamaza, Tegen."

"Nimetania tu. Mbona umekuwa mkali kama siki?"

Kerra aliongeza mwendo. Sababu aliijua, na ilianza Novemba.

Novemba ile babu alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga. Daktari alimkataza kabisa kuinama wala kukanyaga ule mteremko wa bustani unaoteleza. Basi alimwita Kerra kando ya kitanda, akamweleza taratibu, akihesabu kwa vidole: kata mashina, ubakize kiasi cha shubiri moja. Nenda kilimani, lete makangaga, yale majani makavu ya mwituni, gunia tatu. Yapange manene juu ya mizizi, kisha weka gunia, kisha mawe. "Ile mizizi hulala juujuu, kindege changu, mgongo nje. Ikipigwa na sakitu, ule umande unaoganda, bila shuka, imekwisha."

Kerra alikata mashina. Makangaga hakuyafuata. Tegen alikuwa amenunuliwa baiskeli mpya, na kilima kilikuwa mbali. Tena, majira ya baridi yaliyopita sakitu haikuonekana hata siku moja. Watu wa pwani ile wamezoea kusema bahari inawafunika blanketi. Baridi ya kuua huja mwaka mmoja, ikapotea mitano au sita. Wengi huacha bustani zao wazi, na mara nyingi husalimika.

"Umefunika?" babu aliuliza jioni ile.

"Ndiyo, babu."

"Gunia tatu?"

"Tatu."

Februari upepo ukageuka, ukaja kutoka mashariki. Siku tano mfululizo maji ya ndoo yaliganda hadi chini. Siku ya sita Kerra alishuka nyuma ya kibanda, akabonyeza mzizi kwa kidole. Kidole kiliingia kama kwenye ndizi iliyooza. Alisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Kisha akafanya jambo la pili, baya kuliko la kwanza: akakimbia kilimani, akaleta makangaga gunia tatu, akafunika. Akaweka gunia, akaweka mawe.

Aprili, babu alipoweza kutembea kwa fimbo, walifunua pamoja; mvua ilikuwa imeifukia mizizi kwa udongo. Babu aliyashika makangaga, akayatikisa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Umepanga vizuri kuliko hata bibi yako," alisema.

Kerra alitamani udongo ummeze.

Ndipo kungojea kukaanza. Mei ilipita. "Hii huchelewa kuamka," babu alisema. "Watu huidhania imekufa, wakaichokoa kwa uma wa bustani, wakaiua wao wenyewe. Sisi hatuigusi." Juni ikapita, maua mengine yote yakawa yanachekeana. Mama alisema, "Baba, ingia ndani, umande huo." Babu alisema, "Bado kidogo." Kila jioni Kerra alijiambia atasema kesho, na kesho ikifika ulimi ulikuwa mzito kuliko jana.

Jumapili moja ya Julai, mezani, babu aliweka uma chini kabla hajamaliza viazi vyake.

"Jenna, nimeiua mimi."

"Umeua nini, baba?"

"Ile tangawizi. Nilimwagilia mno Aprili, ndipo ikaoza. Nilikuwa na haraka ya kuiona. Mtoto wa watu aliifunika vyema, mimi nikaiharibu." Akajifuta mdomo polepole. "Nitamwambia fundi aje amwage zege pale. Sina haja tena ya bustani."

Hapo ulimi wa Kerra ukafunguka wenyewe.

"Si wewe, babu. Sikuifunika."

"Uliifunika. Nimeyashika makangaga mimi."

"Niliyaweka Februari. Ilikuwa imeshakufa. Novemba nilikwenda kuendesha baiskeli na Tegen."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Babu hakugomba. Alimtazama Kerra kwa muda mrefu, kama anayejaribu kumkumbuka, kisha akachukua fimbo akaenda chumbani kwake. Siku mbili hakusema naye. Afadhali angemchapa.

Siku ya tatu mama alimwambia, "Nenda kwa Bibi Tregear, kule juu karibu na kanisa. Nasikia marehemu alimpa kipande cha mzizi zamani. Mweleze yote. Usipunguze."

Bibi Tregear alikuwa mjane mwenye mikono mikavu iliyojaa udongo. Alimsikiliza Kerra amesimama mlangoni, bila kumkaribisha.

"Kwa hiyo ulidanganya mara mbili."

"Ndiyo, bibi."

"Na umekuja kuomba."

"Ndiyo, bibi."

"Sikupi wewe." Akageuka, akachukua uma wa bustani. "Namrudishia Wenna. Alinipa kipande mwaka paa langu lilipong'olewa na upepo, akaniambia mmea salama ni ule uliougawa. Shika ndoo hii, acha kulialia, unaniloweshea mlango."

Kwenye kitalu chake, alichokifunika kabla ya sakitu, alichimba kipande kinene kama vidole vinne vya mkono, chenye chipukizi moja jekundu.

Alasiri ile, alipomwona Kerra na ndoo ile, babu alitoka mwenyewe. Pamoja waliitoa ile mizizi ya zamani, nyeusi, laini, yenye harufu mbaya, ndoo baada ya ndoo. Kerra alitafuta hata kijipande kimoja kigumu. Hakukuwa na kimoja. Babu alishika cha mwisho kiganjani kwa muda, kisha akakiweka kwenye ndoo taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Wakachanganya mbolea, wakakilaza kipande kipya juujuu, mgongo nje.

"Mwaka huu hakitatoa ua," babu alisema. "Labda hata mwakani."

"Nisamehe, babu."

Babu aliketi juu ya ndoo yake. "Sikiliza, Kerra. Uvivu ulikuwa wa alasiri moja; mtoto huweza kuteleza. Ungeniambia Novemba ileile, mama yako angefunika kabla sakitu haijafika. Lakini ulinyamaza, na uongo wako ukanifanya nijihukumu kwa kosa lisilo langu. Miezi mitatu nimekaa hapa nikingoja, kisha nikajiita muuaji wa kitu cha mke wangu. Uongo humwacha aliyeusema, ukaenda kumlemea asiyehusika. Ukikosea, sema upesi, wakati bado kuna la kuokoa."

"Nitasema, babu."

Kerra alikaa chini kwenye nyasi, karibu na goti lake. Aliuliza, kwa sauti ndogo, "Babu, mbona ulikuwa ukija kila siku, hata pasipokuwa na kitu?"

Babu aliutazama udongo.

"Nilitaka mmoja wenu aje akae nami hapa," alisema, "tumzungumzie Wenna."