Aproni ya Wuryani

Kwa jinsi Jumadi alivyokuwa akivuta sigara, mbu wa mtaa wake walihama wote wakaenda kuishi mji wa pili. Usiniulize nani aliwahesabu wakati wa kuondoka.

Alikuwa fundi pancha, kibanda chake kikitazamana na geti la kiwanda cha sigara za karafuu pale mjini Kudus, na hakuwa na beseni la maji kama mafundi wenzake. Akitaka kujua tyubu imetoboka wapi, alipiga pafu moja refu, akapuliza moshi ndani, kisha akangoja aone unapochomoza. Watu walikuja na baiskeli nzima kutoka vijiji vya mbali, wakazitoboa njiani makusudi, ili tu wamwone akifanya kazi.

Siku moja, saa sita mchana, king'ora kililia na geti likafunguka. Wakatoka wanawake elfu mbili, vikapu mkononi, wananukia karafuu mpaka barabara ikanukia. Katikati yao mmoja alikuwa akisukuma baiskeli iliyoishiwa upepo. Alivaa sketi ndefu ya zambarau na mtandio wa manjano, aproni ya kazi bado iko kiunoni, na vidole vya mkono wa kulia vimeiva kwa tumbaku kama ndizi ya kukaanga.

"Mas, hapa unaziba pancha au unachoma ubani?" aliuliza. Kwao mwanamume usiyemjua ni "Mas", kaka, na mwanamke ni "Mbak", dada.

"Tulia, Mbak. Moshi wangu hauongopi."

"Moshi wako! Hiyo iliyo mdomoni mwako nimeisokota mimi."

Jumadi aliitoa mdomoni, akaitazama kama barua iliyochelewa kufika. "Umejuaje?"

"Mimi nabana ncha kuliko wenzangu. Msimamizi hunigombeza kila siku."

"Kumbe tumebusiana miaka yote hii na hata majina hatujuani!"

Mwanamke alinyanyua pampu ya baiskeli kana kwamba atampiga nayo, lakini kicheko kilikuwa kimeshamponyoka. Jina lake Wuryani. Baiskeli yake ilipata pancha nne mwezi ule, na barabara ya kwao ni ya lami safi.

Mapenzi yalipokolea, Wuryani akawa "Dik", mdogo wangu, na Jumadi "Mas wangu". Ndipo siku moja, wakila supu ya nyati kwenye kibanda cha pembeni, Jumadi akamwuliza alete lini wazee kwao.

Wuryani aliweka kijiko chini. "Unajua Baba alikufa na nini?"

"Kifua."

"Alivuta alizosokota Mama, miaka thelathini. Tulimzika mwepesi kama kapu tupu. Halafu kwenye hitima yake, Mas, nikaona glasi zimejazwa sigara, zinazungushwa kwa wageni, kila mtu achomoe yake. Hitima ya mtu aliyeuliwa na sigara! Siku hiyo niliapa. Nitawasokotea watu wote wa dunia hii, ila si mume wangu."

"Kwa hiyo?"

"Tulimsomea Baba siku ya mia moja. Na wewe nakupa siku mia moja. Zikitimia bila hata pafu moja, lete wazee wako."

"Na nikivuta siku ya tisini na tisa?"

"Utakuwa umekufa. Nitakusomea."

Jumadi alicheka peke yake.

Alianza Jumatatu. Siku ya tatu kichwa kilimgonga kama kuna mtu ndani anayedai kutoka. Siku ya tano alinunua beseni, akainama juu ya maji kama fundi yeyote, na wateja wakamtazama kwa huruma. Mikono haikuwa na pa kukaa. Kahawa ilikuwa na ladha ya matope. Tumbo lilifunga, usingizi ukakimbia, na kikohozi, ambacho hakikumsumbua alipokuwa akivuta, sasa kikaja na familia yake yote. Rafiki yake Kasno, dereva wa baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu, alikuja kukaa karibu naye akiwa na sigara inayotatarika.

"Jumadi, pafu moja tu. Mwanamke atajuaje?"

"Huyu anajua mpaka ncha za sigara. Ondoka."

"Kweli umeolewa."

Jumadi alimrushia spana. Ilimkosa, ikaenda kuvunja kioo cha pikipiki ya mteja.

Kilichomwokoa kilikuwa aproni. Kila mchana Wuryani alipotoka kazini aliivua, akamwachia aishike, yeye aende sokoni kumnunulia mama yake mboga. Siku ya sita Jumadi, akiwa hoi, aliufukia uso humo. Karafuu, tumbaku, jasho la asubuhi. Mabega yakashuka. Kichwa kikanyamaza.

Wuryani aliporudi alimkuta hivyo hivyo. "Mas! Unafanya nini na nguo yangu chafu?"

"Nikiinusa moyo unatulia, Dik. Ni kama uko hapa."

Aliona haya mpaka masikioni, na kesho yake akawasimulia wenzake wote mezani kwao. Kuanzia hapo akamwachia aproni mpaka jioni, na nyingine ya akiba Jumadi alale nayo kwake. Siku ya ishirini ikapita, ya arobaini, ya sitini. Kwenye hitima ya jirani glasi ya sigara ilipofika mbele yake, Jumadi aliisukuma kwa mwenzake kama kaa la moto, akatia mkono mfukoni, akashika aproni ya akiba aliyoikunja humo.

Siku ya sabini walikwenda zahanati pamoja, kwa sababu ya kikohozi. Nesi, mama mnene mwenye miwani, alimsikiliza kifua, akampongeza, kisha akasema, "Ila ondoa kila kinachonukia tumbaku. Nguo, mapazia, vyote. Harufu ndiyo inayomrudisha mtu."

Jumadi alitazama sakafu. Wuryani alitazama vidole vyake.

Wiki iliyofuata alikuja kibandani asubuhi, wakati ambao hakupaswa kuwa nje ya geti. Blauzi mpya ya kijani kibichi, nywele zimeoshwa, mwili mzima unanukia sabuni ya asmini. Vidole alikuwa amevisugua kwa ndimu mpaka vimechubuka.

"Nimeacha kazi," alisema, akitabasamu kama aliyeficha zawadi mgongoni. "Miaka kumi na moja, Mas. Zile aproni nipe, nikazichome. Sasa tunaacha wote wawili."

"Dik, hukuniambia."

"Ningekwambia ungenikataza."

Angemkataza, ndiyo. Lakini sababu yake ilikuwa nyingine, na Jumadi hakuwa na ujasiri wa kuitazama usoni. Alimpa zote mbili.

Toka siku hiyo hakuwa mtu tena. Wuryani aliketi kwenye kigoda akisimulia, naye Jumadi akawa anajibu kama anayetafuna kokoto. Simu zikapungua.

"Mbona hupigi, Mas?"

"Kazi nyingi."

"Kazi gani?"

"Pancha."

"Kudus nzima imeota misumari?"

"Dik, usinianze."

"Umevuta?"

"Sijavuta!"

"Basi kuna mwanamke."

Jumadi akakata simu, wala hakukana. Hapo ndipo alipokosea.

Siku ya tisini na nane, saa sita kasoro, Wuryani alikuja bila taarifa, na blauzi yake ile ile ya kijani. Kibanda kilikuwa wazi, hakina mtu. King'ora kikalia. Ng'ambo ya barabara geti likafunguka, wanawake wakamwagika, na katikati yao, amesimama kama nguzo, alikuwepo Jumadi. Macho ameyafumba. Wanampita kulia na kushoto, wengine wakimcheka: "Leo tena huyu!"

Wuryani alivuka akamshika mkono. "Ni yupi?"

Jumadi alifumbua macho. "Dik..."

"Nakuuliza ni yupi kati ya hawa. Nionyeshe tu, nisije nikamsalimia."

"Hakuna."

"Wamesema leo tena. Unakuja kila siku kumwangalia nani?"

"Wote," alisema Jumadi. "Simwangalii mtu. Nanusa tu. Naapa sijavuta hata pafu. Nanusa, narudi kazini."

Wanawake wa mwisho wakapita. Wuryani alisimama akimtazama, na rangi ikamtoka usoni polepole.

"Aproni yangu," alisema. "Uliposema ni kama niko hapo."

Jumadi alijifuta mikono kwenye suruali.

"Kumbe miezi yote hii ulikuwa unanivuta mimi."

"Nilikuwa naacha kwa ajili yako!"

"Naamini, Mas. Ndiyo inayoniuma." Alimwachia mkono. "Mimi nimeacha kiti changu pale ndani. Kimeshapata mtu."

Alipanda baiskeli. Upepo wa tairi la nyuma ulikuwa umepungua, na Jumadi aliliona hilo, akamwacha aende.

Siku ya mia moja aliamka, akaosha uso, akakaa kibandani. Kasno alimwekea sigara moja juu ya meza, bila utani safari hii. Ilikaa hapo mpaka mchana na Jumadi hakuigusa. Ndipo akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Wuryani zilisikika cherehani nyingi. Shangazi yake alikuwa amemtafutia kazi ya kushona mjini Semarang.

"Dik, leo mia moja."

"Umevuta?"

"Hata pafu."

"Hongera, Mas. Kwa moyo wote. Mapafu yako yatakushukuru."

"Basi nilete wazee."

"Nikuulize kitu kimoja tu. Siku ile nilipokuja asubuhi na blauzi mpya. Nilikaa kwenye kigoda chako mpaka saa nane, hata shibri haikututenganisha. Nilinukia nini?"

Jumadi alifumba macho. Alitafuta. Aliona kijani, aliona vidole vilivyochubuka, akaona mpaka kifungo cha shingoni. Lakini puani, kila alikogeuka, alikuta karafuu.

"Sabuni," alisema.

"Sabuni ya nini?"

Malori mawili yakapita. Cherehani zilikuwa zikienda.

"Ya... ndimu?"

"Jitunze, Mas," alisema Wuryani kwa upole, kama anayemfunika mgonjwa shuka, na simu ikakatika.

Mteja alikuwa amesimama mbele yake na baiskeli. Jumadi akaitoa tyubu, akaizamisha kwenye beseni, akaigeuza taratibu, akainamisha uso juu ya maji kungojea mapovu. Yalitoka. Yeye akaendelea kuinama.